Nani Anaujua Mrenda wa Nerima?

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1996

Ugeni! Bibi Nanyama wa Nakawa anakuja kwetu Jumamosi ya wiki ijayo. Si ugeni wa chai na mkate. Huyu ni bibi yake Travis, kijana anayetaka kumwoa mjukuu wangu Moreen. (Jina la Travis, sijui walilitoa wapi. Labda kwenye sanduku la sabuni.) Baba yake Travis alikwisha kufa, kwa hiyo neno la mwisho katika ukoo ule ni la bibi huyo. Akisema ndiyo, kuna harusi. Akinuna, hakuna.

Ujumbe ameuleta Travis mwenyewe, amesimama mlangoni kama askari aliyepoteza bunduki. Bibi hataki pilau. Hataki mbuzi. Kuku akiwepo, sawa. Ila anachokuja kula ni mrenda, ile mboga ya kuteleza, na majani ya kunde, uliopikwa kama alivyoupika marehemu mke wangu, Nerima. Aliwahi kuula hapa hapa Nsambya, kwenye matanga ya mtu wa reli, na hajapata mwingine wa kufanana nao. Anataka kuona kama binti wa nyumba hii amerithi kitu, au amerithi sura tu.

Moreen akashika kichwa. Mrenda huo hajui kuupika. Ni kweli. Nerima alipokuwa akipika, mimi ndiye niliyekuwa nikimfukuza mtoto jikoni akasome. Uamuzi bora kabisa! Leo ni mpiga chapa hodari katika duka la kuchapisha huko Wandegeya.

Akasema kwa sauti ndogo: "Babu, si tumwite Bibi Nabwire?"

Nikamwambia jina hilo halitajwi katika nyumba hii, kabla ya chakula wala baada yake.

Sababu ninayo. Nabwire ni mdogo wa marehemu mke wangu. Ana kibanda cha chakula Wandegeya, analisha wanafunzi wa chuo. Siku tuliyomaliza matanga ya dada yake, kuku alipikwa katika nyumba yangu. Firigisi ya kuku, kwetu Kenya, ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi. Mtoto haigusi. Nabwire akaichota kwa kijiko, akapita nayo mbele ya pua yangu, akamwekea Obwona! Obwona wa mlango wa pili! Nilipomuuliza maana yake, akanijibu mbele ya waombolezaji wote: "Shemeji, Obwona alibeba maji wiki nzima. Wewe ulibeba redio."

Tangu siku hiyo hatusemezani. Sasa nasikia anarudi Busia baada ya Krismasi, anarudi kabisa. Safari njema. Moreen anasema akiondoka, mrenda wa bibi yake nao umeondoka, maana hakuna mwingine anayeujua.

Hakuna mwingine! Na mimi je? Nimeula mrenda huo maisha yangu yote ya ndoa. Nani anaujua kunizidi? Nitamfundisha Moreen mimi mwenyewe.

Jumatano, tarehe 4 Septemba

Somo la kwanza. Mwanamume wa kwetu haingii jikoni, kwa hiyo niliweka kiti mlangoni na kuipa sufuria mgongo. Kwa namna hiyo sikuwa jikoni. Nilikuwa karibu na jikoni.

Nikafundisha kwa sikio. Miaka yote ile nilikuwa sebuleni na gazeti, lakini masikio yalikuwa kazini. Nikamweleza Moreen kwamba bibi yake alikuwa akikoroga hivi: koro, koro, kimya. Koro, koro, kimya. Katika kile kimya ndipo alipokuwa akitia kitu.

Moreen akauliza kitu gani.

Nikamwambia atie chumvi, asiulize sana.

Tukala. Yaani, tulijaribu. Mrenda uliteleza kwenye tonge ukarudi sahanini kabla haujafika mdomoni. Uliofika haukuwa na ladha yoyote. Kunde zilikuwa ngumu, nikizitafuna zinanitafuna.

Moreen akasema anakumbuka kopo. Kopo la maziwa ya unga lenye matundu chini, lililoning'inia dirishani, likidondosha maji ya kahawia kwenye bakuli. Nami nikalikumbuka! Siku zote nilidhani ni dawa ya kuku. Niliwahi hata kuwanywesha. Hawakufa, nikajua ni dawa nzuri.

Kumbe ndiyo msherekha, yale maji ya majivu yanayolainisha mboga! Siri imefichuka. Nani ameifichua? Mimi. Moreen ametaja kopo tu.

Ijumaa, tarehe 6 Septemba

Nimekwenda kwa Obwona. Si kumwomba msaada. Kumchunguza. Yeye ni Mwacholi, askari wa reli mstaafu, na Waacholi nao wana majivu yao. Nikaanza kwa mbali, kwa ujanja. Nikauliza kama majivu yanafaa kufukuza wadudu kwenye kunde.

Obwona akacheka mpaka akashika mlango. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mzee Makokha, wewe hapana taka fukuza dudu. Wewe nataka kupika!" Kisha akamwita mkewe, Apio, aje kuona mzee anayetaka kupika.

Nilivumilia. Akaendelea. Akasema mrenda ni otigo yao, chakula cha Waacholi tangu mwanzo wa dunia, na sisi Wakenya tulikikuta huku tukakibadilisha jina. Nikamwambia babu zangu waliupika kabla babu zake hawajagundua sufuria. Akasema babu zangu walikuwa wanakula nini kabla ya hapo, magugu? Apio akaleta viti, akakaa kutazama.

Mwishoni Obwona alilegea. Akasema majivu si majivu yote, kuna ya kupikia na kuna ya kumwaga. Akainua kidole ili anieleze yapi ni yapi. Lakini siwezi kukaa nifundishwe chakula cha ukoo wangu na mtu aliyekula firigisi yangu. Niliondoka kwa heshima zote, kidole chake kikiwa bado hewani.

Majivu ni majivu.

Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Siku ya msherekha! Asubuhi nilipita kila mlango nikiomba majivu ya mkaa kwenye masigiri ya watu. Nilisema ni ya kuua konokono. Hayakutosha. Nikachoma magazeti ya zamani, majani makavu ya migomba, na mkeka uliokuwa umechoka.

Mkeka ulikuwa na moshi kuliko nilivyotarajia. Mama wa chumba cha mwisho alitoka mbio akipiga kelele za moto, ana mtoto mkono mmoja na televisheni mkono wa pili. Watu wakamwagia maji majivu yangu! Nikaokoa nusu. Shuka nyeupe za Apio zilikuwa kwenye kamba. Sasa ni shuka za kijivu. Apio alisema mambo kwa Kiacholi ambayo Obwona alikataa kunitafsiria.

Lakini nilifaulu. Nilijaza kopo, nikamwaga maji ya moto, likadondosha. Maji meusi, mazito. Ukiyagusa yanateleza vidoleni. Dalili njema, maana mrenda nao unateleza. Nikamwagiza Moreen atie mafuta ya kupikia kwa wingi, kisha nikamimina msherekha bila uchoyo.

Povu! Lilipanda, likavuka ukingo wa sufuria, likashuka kwenye sigiri, likaanza safari ya kuelekea mlangoni nilipokaa. Moreen alinitazama tu. Nikamwambia ndivyo linavyokuwaga.

Nilionja wa kwanza, kwa wadhifa wangu. Ulimi umevimba. Nimesali rozari ya jioni kwa ishara.

Moreen anasema sufuria haijapata kung'aa namna ile tangu inunuliwe. Apio aliomba kilichobaki akafulie shuka zake. Nimeambiwa zimetakata.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Ulimi umepungua kidogo. Moreen anachelewa kurudi kutoka kazini kila siku tangu wiki iliyopita. Anasema wanachapisha kalenda za mwaka ujao. Ananukia moshi. Nikauliza. Akasema mashine imezeeka. Nimemshauri amwambie mwenye duka aitie mafuta.

Vidole vyake navyo ni vya kijani mpaka kwenye kucha. Wino wa siku hizi ni hafifu sana, unashika mkono kuliko karatasi.

Mtoto anajitesa kwa kalenda, wala hafikirii Jumamosi. Yote yako mabegani mwangu.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Ujasusi! Nimekwenda Wandegeya, kwenye kibanda cha Nabwire chenyewe, bila yeye kujua. Nilivaa koti la mvua mpaka magotini, kofia ya pama, na miwani ya jua aliyoisahau Travis. Jua lilikuwa kali mno. Nilipofika nilikuwa nimelowa kama vile mvua inanyesha ndani ya koti.

Nikakaa pembeni katikati ya wanafunzi. Nabwire akaja. Mwanamke yule ana sauti inayoweza kutangaza treni bila kipaza sauti. Akanikaribisha kwa shangwe, akauliza kama kule nitokako mvua imezidi. Nikajibu kwa sauti ya puani kwamba mimi ni mfanyabiashara wa Jinja. Akasema watu wa Jinja anawapenda, wana adabu, si kama shemeji yake wa Nsambya.

Kisha akawageukia wanafunzi. "Wanangu, nina shemeji mimi! Kichwa chake kama behewa. Kikubwa, kinapiga kelele, na ndani hamna abiria!"

Wanafunzi wakacheka wakagonga meza. Nami nikacheka, nisije nikagundulika. Nilicheka kuliko wote. Mmoja akaniuliza kama namfahamu huyo shemeji. Nikasema nimesikia ni mtu wa heshima. Wakacheka tena, sijui kwa nini.

Mrenda ukaja.

Sitaandika mengi. Ndio wenyewe. Kunde laini, mrenda umeshikana nazo, na ile ladha ya mwisho inayobaki nyuma ya ulimi hata ukishakunywa maji. Nilikula sahani mbili. Nikaomba ugali wa kuongeza na nikasahau kabisa sauti ya Jinja.

Nikajikumbusha kazi. Nikauliza choo, nikapita nyuma jikoni. Wasichana walikuwa wanachambua mboga. Na pale kwenye rafu, mbele kabisa, peke yake, chupa ya soda yenye maji ya kahawia! Nikaitia ndani ya koti. Nikatembea kama mtu aliyetoka chooni.

Nilipokuwa natoka Nabwire akanipungia mwiko. Akapaza sauti: "Mgeni, wasalimie Nsambya! Jinja, nilitaka kusema."

Mwanamke mzembe. Hata vyombo vyake halindi.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Moreen aliinusa chupa akakunja uso. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sijapata kuwa na hakika kama leo. Akaniuliza niliipata wapi. Nikamwambia watu wazima wana njia zao. Akamimina kidogo. Nikamwambia amimine yote.

Nikaonja wa kwanza.

Mululuza! Yale majani ambayo watu wa huku huyachemsha na kunywa wakiwa na malaria! Uchungu ulianzia ulimini, ukapanda utosini, ukashuka mgongoni, ukatulia magotini. Nilikimbia uani nikanywa maji ya bomba nikiwa nimeinama kama ng'ombe. Obwona alikuwa dirishani. Obwona siku zote yuko dirishani.

Kisha Moreen akanipa salamu. Anasema amekutana na Nabwire njiani kwa bahati. Nabwire anamuuliza mgeni wa Jinja kama homa imeshuka. Anasema pia kwamba shemeji yake akitaka mrenda, aingie kwa mlango, bila koti, aseme kwa mdomo wake: Nabwire, nisaidie. Maneno mawili. Hata firigisi hataitaja.

Nikakataa. Mwenye nyumba hawezi kuomba mrenda wake mwenyewe!

Moreen akaniuliza kama niko tayari harusi yake ivunjike kwa maneno mawili. Nikamwambia asimharakishe mzee. Alikwenda kukaa kwenye ngazi, mkono shavuni, uso ni ule ule wa bibi yake akiwa amenichoka. Hakula. Mimi pia sikula, ila mimi ni kwa sababu ya mululuza.

Sijalala usingizi mzuri. Nimepata mpango mwingine.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Nimekwenda kwa Apio kwa siri. Nimemwomba apike otigo yake kesho, sufuria ipitishwe dirishani, Moreen aipakue kama yake. Bibi Nanyama ni mzee, meno yamebaki machache, atajuaje?

Apio akakumbuka shuka zake. Nikaomba radhi kwa shuka. Akakubali. Lakini Obwona akajitokeza na sharti. Ati nitamke, mbele ya mkewe na mbele ya mama wa chumba cha mwisho kama shahidi, kwamba otigo ni mama na mrenda ni mtoto.

Nilitamka. Kimoyomoyo nilikanusha.

Obwona akataka nirudie kwa sauti, mama wa chumba cha mwisho hasikii vizuri. Nikarudia. Akasema sasa nimekuwa Mwacholi, akanipa mkono.

Moreen nimemweleza mpango wote. Kazi yake ni ugali na kuku tu. Akasema, "Sawa, Babu." Nikamuuliza kama amenielewa. Akasema amenielewa sana. Mtoto mtiifu.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Bibi Nanyama alifika baada ya saa sita, na Travis akimshika kiwiko. Mdogo kama mtoto wa shule, fimbo mkononi, macho ya mkaguzi. Akakipita kiti nilichomwekea na kukaa kwenye changu. Akasema amekuja na njaa, hotuba ziwe fupi.

Nilitoa hotuba. Nilieleza historia ya chakula katika nyumba hii, tangu babu yangu. Nilipofika kwa baba yangu alisinzia, nikaongeza sauti. Kwa pembe ya jicho nikaona sufuria ya Apio ikipita dirishani. Salama!

Moreen akaleta ugali. Akaleta mrenda kwenye kile chungu cha Nerima cha udongo. Nikasema moyoni, mtoto ana akili, amehamishia kwenye chungu ili udanganyifu ukamilike. Nikamweleza bibi jinsi tulivyoupika. Majivu ya mkaa, nikasema. Safi kabisa. Kisha koro, koro, kimya.

Bibi Nanyama akanitazama, akarudisha macho kwenye chungu. Akakata tonge, akachovya, akala. Akachovya tena. Travis alikuwa ameacha kupumua. Moreen alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, anakikunja, anakikunjua, anakikunja.

Nikaona heri nami nile, nionekane sina wasiwasi. Nikachovya.

Haikuwa otigo ya Apio. Ile hutiwa ufuta na karanga. Huu haukuwa na ufuta.

Nilitoka nje kidogo kuangalia kama mvua inakuja. Hapakuwa na wingu hata moja. Nikakaa huko huko hata hivyo, nikaangalia vizuri.

Niliporudi bibi alikuwa anamuuliza Moreen nani alimwonyesha. Moreen akatazama pazia la jikoni. Pazia likafunguka, akatoka nani? Nabwire! Aproni kiunoni, mwiko mkononi, jasho usoni! Ndani ya nyumba yangu, bila mimi kumwomba!

Mambo yote yakatoka. Moreen alikwenda kwake siku ya pili tu baada ya ujumbe wa Travis. Kalenda hazikuwepo. Moshi ulikuwa wa maganda makavu ya maharagwe, ndiyo yanayochomwa kupata majivu ya msherekha, si mkaa wala mkeka. Kijani cha vidoleni kilikuwa cha kunde. Kila jioni Nabwire alimpikisha, akaonja, akamwaga, akampikisha tena. Leo mtoto amepika peke yake. Nabwire alikuja kusimama tu nyuma ya pazia, kwa hofu.

Bibi Nanyama akamshika Moreen mkono, akaugeuza, akavitazama vidole. "Nerima yupo," akasema. Kisha akamwambia Travis afunge mdomo, nzi wataingia, harusi ipo.

Nabwire akajifuta macho kwa aproni. Akasema sasa anaweza kwenda Busia mikono mitupu. Hakusema kwa sauti ya treni. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. Nilitaka kumwambia neno. Lakini kuku akaletwa.

Firigisi ilikuwa katikati ya bakuli, inang'aa. Nikasafisha koo. Nikaweka sahani yangu vizuri. Nabwire akalichukua bakuli, akapita mbele yangu (tena!), akaliweka mbele ya bibi, kwamba mgeni ndiye aamue. Sawa, nikasema moyoni. Bibi ni mtu wa mila. Anajua ni ya nani.

Bibi Nanyama akaichukua kwa vidole viwili, akaila mwenyewe!

Mwanamke! Mbele ya watu! Travis akasema, "Bibi!" Mimi nilishika sahani yangu tupu. Yeye alitafuna taratibu kwa meno yale machache. Alipomaliza akasema: "Mume wangu amekufa. Wanangu waliobaki wako Nairobi. Mwenye nyumba hapa anasema msherekha ni wa mkaa. Nimwachie nani?"

Walicheka wote. Moreen alicheka mpaka akakaa chini. Nabwire alicheka akaniegemea begani, kana kwamba tunasemezana.

Sufuria ya Apio aliimaliza Travis peke yake nyuma ya nyumba. Obwona anapita kila mlango akisema Wakenya walipewa mama na mtoto, wakala wote wawili.

Jumanne, tarehe 17 Septemba

Nimetafakari kwa makini na nimepata ukweli wa jambo lote. Ushindi ule ni wangu. Nisingemkataza Moreen kumtaja Nabwire, asingejifunza kwa siri, na kitu cha kujifunza kwa siri hakitoki kichwani. Nimemweleza Moreen. Amesema, "Asante, Babu," akaenda kukohoa jikoni.

Harusi itakuwa mwezi ujao na ukoo wa Travis unataka busaa. Busaa ya asili, si pombe ya chupa. Kamati iliuliza nani atapika. Nikainua mkono. Nabwire akasema mama yake alikuwa mpikaji mkuu, yeye anaijua hatua kwa hatua, atakaa nami siku tatu anionyeshe. Akaniambia kwa upole kabisa: "Shemeji, safari hii tufanye pamoja." Kamati yote ikanigeukia.

Nikamshukuru sana. Nikamwambia apumzike, amechoka. Busaa ninainywa tangu ujana wangu, kwa mrija, nikiwa nimekaa karibu na chungu kuliko mtu mwingine yeyote. Anayeijua kunizidi ni nani?

Nimeanza ya majaribio leo asubuhi. Unga wa mahindi, maji ya uvuguvugu, sukari nyingi, na hamira ya mwoka mikate, ili isichelewe kama ya wanawake. Nimeitia kwenye jerikeni na kuisukuma chini ya kitanda, mahali pa joto. Obwona, kutoka dirishani, amenishauri nilegeze kifuniko ipumue. Wivu. Nimekikaza kwa koleo, kisha nikakifunga kwa waya mara nyingi. Hakitoki kitu.

Inakwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Kufika mchana jerikeni imenenepa kama mheshimiwa, na ndani yake kuna sauti kama ya mtu anayepiga mluzi. Upande mmoja wa kitanda umeinuka. Moreen ametoka mbio akiniita, akiuliza niko wapi. Nimemjibu kwamba niko salama, nimejilaza juu ya kitanda kidogo, ili uzito wangu uitulize.